Chenga za Uwanjani na Chenga za Kiooni



Nianze na neno lililo kwenye tangazo la mhadhara huu. Kiswahili kinazo chenga za aina tatu. Kuna chenga za mchele, zile punje zilizovunjika zinazouzwa kwa bei ya chini. Kuna chenga za uwanjani, anazopigwa beki mpaka akakaa chini. Na kuna chenga za televisheni, zilizotufanya zamani tumpandishe mtoto juu ya bati azungushe antena huku tukimpigia kelele, “Hapo hapo, usiguse!” Nitasema juu ya hizi za tatu, ambazo siku hizi zimehamia kwenye kompyuta za vijana wanaorusha magemu mubashara. Dai langu nalitoa mapema, mwenye haraka aondoke nalo: wengi wetu tunapata chenga kwa sababu tunarusha picha kubwa kuliko njia tuliyonayo. Dawa ya kwanza ni kupunguza. Kununua kunakuja baadaye, na mara nyingi hakuhitajiki kabisa.

Nililijua hili kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na fainali ya ligi ya mtaa, gemu la mpira, katika banda moja la gemu huku Sinza. Kompyuta moja, pedi mbili, vijana wamebanana hadi mlangoni. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kurusha. Nikaweka picha ya 1080, fremu 60 kwa sekunde, kwa sababu ndivyo nilivyowaona wakubwa wa Marekani wakifanya. Kipindi cha kwanza hakijaisha, shemeji yangu aliyeko Muscat akapiga simu.

“Shemeji, hongereni. Ila mpira wenyewe uko wapi?”

Nikamwambia atazame vizuri, uko katikati ya uwanja.

“Mimi naona uwanja unayeyuka kama barafu ya ukwaju. Wachezaji wanaogelea. Mpira sijauona toka mlipoanza.”

Kioo kilichokuwa mbele yangu kilikuwa safi kabisa. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika: mrushaji haoni anachorusha. Anaona gemu linavyotoka kwenye kadi yake ya grafiki. Picha anayoipata shemeji imeshabanwa, imesafirishwa na kufunguliwa upande wa pili, na kila kituo njiani kimekula kidogo. Kwa hiyo kabla hujabadilisha kitu chochote, tafuta simu yenye laini nyingine, ondoka kwenye wai-fai ya nyumbani, ujitazame mwenyewe kama mgeni. Wengi hawajawahi kufanya hivyo hata siku moja.

Sasa tufanye hesabu kidogo, na wasioipenda wanivumilie dakika mbili. Picha ya 1080 ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu. Zidisha, unapata pikseli 2,073,600. Zipeleke mara 60 kwa sekunde, ni pikseli 124,416,000 kila sekunde moja. Kila pikseli, kwa mpangilio wa rangi unaotumika kwenye urushaji, inabeba wastani wa biti 12. Jumla yake ni karibu biti bilioni moja na nusu kwa sekunde. Njia yangu ya kupandisha siku ile ilikuwa inaruhusu milioni tatu na nusu. Yaani kati ya kila biti 400 na ushee zilizotoka kwenye gemu, moja tu ndiyo iliyoruhusiwa kupanda basi. Zilizobaki zilitupwa kituoni.

Ajabu kwa kweli si kwamba shemeji hakuuona mpira. Ajabu ni kwamba aliuona uwanja.

Kazi ya kubana inafanywa na kitu kinachoitwa enkoda. Sijapata njia bora ya kukielewa kuliko kumkumbuka mtangazaji wa mpira redioni. Msikilizaji haoni kitu, na mtangazaji ana mdomo mmoja na pumzi moja. Mwanzoni anakuchorea uwanja mzima: nani anashambulia kutoka wapi, jezi za rangi gani, jua au mvua. Baada ya hapo anataja kilichobadilika tu. Hakuambii kila sekunde kwamba nyasi bado ni za kijani na goli bado liko pale pale. Anakuachia wewe ulishike kichwani. Enkoda hufanya hivyo hivyo. Inatuma fremu moja kamili, kisha fremu zinazofuata zinasema: kipande hiki kimesogea kushoto, kile kimebaki kama kilivyokuwa, hapa kimeingia kitu kipya. Na kama mtangazaji anavyorudi mara kwa mara na kusema “kwa wale mnaojiunga nasi sasa hivi”, ndivyo enkoda inavyotakiwa kutuma fremu kamili nyingine kila baada ya muda. YouTube na Twitch, tovuti zinazopokea urushaji wetu, wote wanashauri ije kila sekunde 2. Andika 2 kwenye mpangilio huo, usiiachie programu ijichagulie.

Pumzi ya mtangazaji ndiyo bitireti, yaani idadi ya biti zinazotoka kwa sekunde. Mpira ukiwa umetulia katikati, pumzi inatosha, anapata hata nafasi ya kukueleza mashabiki walivyovaa. Shambulizi la haraka likija anataja majina tu: pasi, pasi, goooli. Sasa mwongezee mvua, majani yanayotikiswa na upepo, moshi, na kamera inayozunguka haraka. Kila kitu kimebadilika kwa wakati mmoja, na pumzi ni ile ile. Hapo ndipo anaanza kubabaika, na kubabaika kwake ndiko tunakokuona kiooni kama chenga.

Kwa nini chenga za leo ni za miraba, wakati zile za antena zilikuwa za punje? Hesabu iliyo moyoni mwa kazi hii ina wenyewe. Mwaka 1974 Nasir Ahmed, mhandisi aliyezaliwa India, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao, walichapisha njia ya kuandika picha kama mchanganyiko wa mawimbi, mengine ya taratibu na mengine ya haraka. Picha inakatwa vipande vya mraba, na kila kipande kinaandikwa hivyo. Mawimbi ya taratibu ni anga, ukuta, uso wa meza. Mawimbi ya haraka ni nyavu za goli, nyasi, maandishi madogo mgongoni mwa mchezaji. Biti zikipungua, ya haraka yanatupwa kwanza, na zikipungua zaidi kila kipande kinabaki na rangi moja iliyopakwa kama chokaa. Kiwango cha H.264, kilichopitishwa mwaka 2003 na ambacho hadi leo ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya urushaji wa magemu, kinatumia jamaa wa karibu wa hesabu hiyo. Kwa hiyo unapoona miraba, umeona mipaka ya vipande vyenyewe.

Na rangi je? Macho yetu yanashika mwanga vizuri kuliko rangi, basi wahandisi wakatumia udhaifu huo: pikseli nne zinagawana rangi moja. Jezi nyekundu kwenye nyasi za kijani ndiyo sehemu inayoumia kuliko zote, kingo zake zinachafuka. Mashabiki wa Simba wasinielewe vibaya.

Turudi kwenye dawa. Chukua bitireti yako, ugawe kwa idadi ya pikseli za kila sekunde. Siku ile mimi niligawa 3,500,000 kwa 124,416,000, nikapata 0.028. Kila pikseli ilipewa chini ya sehemu tatu za mia za biti. Warushaji wazoefu wa H.264 wana kipimo chao cha mazoea: gemu lenye mwendo wa kasi linataka karibu 0.1. Ukiipata, picha inatulia. Ukiwa chini ya nusu yake, usishangae kupigiwa simu kutoka Muscat.

Sasa shusha picha iwe 720, ubaki na fremu 60. Pikseli zinakuwa 55,296,000 kwa sekunde, na biti zile zile milioni tatu na nusu zinatoa 0.063. Tayari umezidisha zaidi ya mara mbili bila kulipa hata shilingi. Shusha fremu ziwe 30, unapata karibu 0.127, na nyavu za goli zinaanza kuonekana. Kijana atasema, “Mzee, 720 ni picha ya kizamani.” Namwelewa. Lakini watazamaji wake wengi wanatazama kwenye simu yenye kioo kinachoenea kiganjani, na 720 safi kwenye kioo hicho inashinda 1080 yenye chenga, tena kwa mbali. Mwenye njia inayobeba bitireti ya milioni tano na nusu abaki na 720 ya fremu 60, atapata karibu 0.1 kamili. Mwenye milioni sita ajaribu 900, yaani 1,600 kwa 900, aone kama gemu lake linavumilia.

Je, fremu 30 au 60? Hapa naomba tusitoe fatwa moja kwa wote. Gemu la mpira, la mbio za magari na la bunduki linahitaji 60 kama njia inaruhusu, kwa sababu jicho linafuata kitu kinachokimbia. Gemu la kujenga miji, la bao, la karata, 30 inatosha na inabaki. Kumnyima mtu picha safi ili umpe mwendo laini wa mchezo wa karata ni kumnunulia viatu vya mpira mtu anayecheza bao.

Jambo dogo linalosahaulika: unaposhusha kutoka 1080 kwenda 720, programu inakuuliza itumie kichujio gani. OBS, ambayo ndiyo programu ya bure ya kurushia inayotumiwa na wengi tangu Hugh Bailey aliyefahamika kama Jim alipoianzisha mwaka 2012, inakupa vichujio kadhaa. Chagua Lanczos, kinachobeba jina la mwanahisabati wa Hungaria, Cornelius Lanczos, au Bicubic kama kadi yako ni dhaifu. Bilinear kinafifisha maandishi. Mabadiliko haya ni ya sekunde tano na matokeo yake unayaona kwenye namba za jezi.

Sasa, nani afanye kazi ya utangazaji? Ziko njia mbili. Ya kwanza ni prosesa yenyewe, kwa kutumia programu iitwayo x264. Hii ni kama mchezaji anayecheza huku anatangaza mechi yake mwenyewe. Akiwa na akili nyingi, yaani prosesa yenye nguvu, anatangaza vizuri kuliko yeyote, kwa sababu unaweza kumpa muda wa kuchagua maneno. x264 ina ngazi za haraka na za taratibu; ukiishusha kwenye taratibu inatafuta zaidi namna ya kueleza kilichobadilika kwa biti chache, lakini inakula prosesa vibaya. Kwenye kompyuta moja inayocheza gemu hapo hapo, kushuka huko mara nyingi kunaishia kwa mchezaji kuanguka na mtangazaji kunyamaza.

Ya pili ni kuajiri mtangazaji mwenye kibanda chake. Kadi za grafiki za Nvidia zinayo sehemu ya pekee ya kazi hii tu, inayoitwa NVENC, tangu kizazi cha mwaka 2012. Intel wana ya kwao, AMD pia. Zamani tulizidharau, na tulikuwa na haki: picha zake zilikuwa chafu. Kizazi cha mwaka 2018 cha Nvidia kilibadilisha mambo, na kwa mtu mwenye kompyuta moja leo sioni sababu ya kutumia prosesa kama kadi yake ni ya kizazi hicho au cha baadaye. Tahadhari kwa wanunuzi wa kadi zilizotumika: GTX 1650 ya kwanza ya mwaka 2019 ilipewa enkoda ya kizazi cha nyuma, wakati 1650 Super ilipata ile mpya. Majina yanafanana kama mapacha, na muuzaji hatakwambia.

Kuna kodeki mpya pia, yaani kanuni mpya za kubana picha. AV1, iliyokamilika mwaka 2018, inatoa picha nzuri zaidi kwa biti zile zile, na tangu mwaka 2023 OBS inaweza kuirusha kwenda YouTube. Inahitaji kadi za karibuni: RTX kuanzia mfululizo wa 40, Arc za Intel, au Radeon kuanzia mfululizo wa 7000. Aliye nayo aitumie. Asiye nayo asikope.

Nimefika kwenye sehemu ambayo, kama ningepewa dakika kumi tu badala ya saa nzima, ningeisema peke yake. Ndani ya OBS kuna dirisha dogo la takwimu ambalo warushaji wengi hawajawahi kulifungua. Lina mistari mitatu inayohesabu fremu zilizopotea, na kila mstari una mgonjwa wake. Watu wanaichanganya, wanakwenda kutibu tumbo kwa dawa ya macho.

Mstari wa kwanza unahesabu fremu zilizokosekana kwa sababu ya kuchelewa kuchora. Mgonjwa ni kadi ya grafiki. Gemu limeikamata yote, na OBS, ambayo inahitaji sehemu ndogo ya kadi hiyo ili kupanga picha, kamera na nembo yako, inasubiri foleni. Watu huona mstari huu unapanda wakaenda kumlaumu mtoa huduma wa intaneti! Dawa yake ni kulifunga gemu lisivuke fremu 60, au kupunguza vivuli na mapambo ndani ya gemu mpaka kadi ipate pa kupumulia. Kwenye Windows 10 na 11, kuifungua OBS kwa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta kunaipa kipaumbele kwenye kadi. Mimi nilihangaika mwezi mzima kabla ya kuambiwa hilo na kijana wa kidato cha tatu.

Mstari wa pili unahesabu zilizorukwa kwa sababu enkoda imechelewa. Mtangazaji kapewa kazi inayomzidi. Hapa ndipo unapohama kutoka x264 kwenda kwenye kadi, au unapandisha ngazi ya haraka, au unashusha ukubwa wa picha.

Mstari wa tatu ni fremu zilizodondoka mtandaoni. Kompyuta imefanya kazi yake yote sawasawa, ila biti hazikupata njia ya kutoka. Hakuna kadi ya grafiki duniani itakayoutibu mstari huu. Nimemwona mtu ameuza pikipiki akanunua kadi mpya, na mstari wa tatu ukabaki pale pale unamtazama.

Ukitaka kuhakikisha, rekodi kwenye diski huku unarusha, na uiambie programu itumie enkoda ile ile ya urushaji. Kesho yake fungua faili. Ikiwa na miraba ile ile, tatizo limetoka nyumbani kwako: biti ni chache kwa picha uliyochagua. Ikiwa safi na watazamaji walilalamika kukwama, tatizo ni njia.

Basi tuseme juu ya njia. Tangazo la mtoa huduma likisema megabiti 20, mara nyingi linasema za kushusha. Wewe unapandisha. Mitandao ya simu na hata nyaya nyingi za majumbani zimetengenezwa kwa dhana kwamba mteja anatazama, hatumi, kwa hiyo upande wa kupandisha umepewa sehemu ndogo. Pima upande huo, na uupime saa ile ile utakayorusha, kwa sababu saa tatu usiku mtaa mzima uko mtandaoni na saa nne asubuhi uko peke yako. Pima mara tano, chukua kipimo cha chini kabisa, kisha weka bitireti kwenye robo tatu yake au chini ya hapo. Tumia utaratibu wa CBR, ule wa kasi isiyobadilika, maana mtandao unapenda mgeni anayekula kiasi kile kile kila siku.

Ndani ya nyumba, adui ni wawili. Wa kwanza ni wai-fai inayopenya kuta mbili za matofali ya saruji. Waya wa LAN wa mita kumi ni bei ya chakula cha mchana na unamaliza kesi. Wa pili ni simu zenyewe: simu ya dada inayopandisha picha za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni usiku ule ule wa fainali. Inakula upande wa kupandisha wote, na hakuna anayejua. Zima hayo kabla hujaanza, kwa heshima, umeomba ruhusa.

Nje ya nyumba ndipo uwezo wetu unapoishia. Tangu waya wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, ukafuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010, sehemu kubwa ya data za pwani hii inapita chini ya bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku kama hiyo hakuna mpangilio wa OBS utakaokusaidia, nenda kalale. Lakini siku za kawaida pia, seva iliyo karibu kwenye ramani si lazima iwe karibu kwa waya. Twitch inakuruhusu kuchagua seva ya kupokelea. Jaribu tatu au nne, kila moja dakika kumi, ukitazama ule mstari wa tatu. Ramani itakudanganya, mstari hautakudanganya.

Naomba sasa mniruhusu niseme juu ya taa, ingawa hakuna aliyekuja hapa kwa ajili ya taa. Wengi mnaweka uso wenu kwenye kona ya picha. Chumba kina giza, kwa sababu giza linapendeza na zile taa za rangi za kibodi. Kamera ndogo ikikosa mwanga inaongeza nguvu ya kihisio chake, na picha inajaa punje zinazotetemeka kila fremu. Wewe unaona uso wako umetulia. Enkoda inaona maelfu ya nukta zilizobadilika na inajaribu kuzitangaza zote, kwa biti zilizokuwa za gemu. Yaani giza la chumbani kwako linachafua nyasi za uwanjani. Taa ya mezani ya kawaida, ikielekezwa ukutani mbele yako mwanga ukurudie usoni, imeboresha picha za gemu kwa watu niliowasaidia kuliko kifaa chochote kile. Mandhari yanayotembea, theluji inayodondoka pembeni na nembo zinazozunguka ni wizi wa aina hiyo hiyo. Viondoe.

Nimebakiza jambo moja, na hili ni la mtazamaji.

Anayerusha biti 6,000,000 kwa sekunde, kiwango ambacho Twitch wamekitaja kwa miaka mingi kama kikomo cha kawaida, anatuma gigabaiti 2.7 kwa saa. Anayetazama picha hiyo bila kupunguzwa anashusha 2.7 hizo hizo, na sisi sote tunajua anazinunua wapi: kwenye bando. Mechi ya saa mbili imekula bando la wiki. YouTube inaipokea picha yako na kuitengeneza upya katika ukubwa mbalimbali, hivyo mtazamaji wa Mbagala anaweza kushuka mpaka 360 akaendelea kukuona. Twitch huwahakikishia huduma hiyo washirika wake, na wengine huipata nafasi ikiwepo. Kijana anayeanza, mwenye watazamaji kumi na wawili, anaweza kujikuta anatoa mlango mmoja tu, na mlango huo ni wa gharama. Kwa 2,500,000 kwa sekunde saa moja ni gigabaiti 1.1. Ukirusha 720 ya fremu 30 kwa kiasi hicho, unapata 0.09 kwa kila pikseli, picha safi, na umempunguzia jirani yako zaidi ya nusu ya gharama. Kwa mrushaji mchanga wa hapa kwetu mimi ningeanzia hapo, na nisingeona haya.

Msimu uliofuata wa ligi yetu tulirusha hivyo hivyo: 720, fremu 30, waya wa LAN umepita dirishani, taa ya mezani imeelekezwa ukutani, na rauta imechomekwa kwenye betri ya akiba kwa ajili ya umeme wetu tunaoufahamu. Shemeji alipiga simu dakika ya sabini kubishia penalti. Alikuwa ameuona mguu wa beki ukigusa mpira kwanza.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Kompyuta iko hapa mbele na imewashwa. Wote mliokuja na rekodi zenu kwenye flashi, kama tangazo lilivyowaomba, pangeni mstari tuzifungue moja moja, na kila mmoja atuambie kwanza alikuwa anapandisha kiasi gani kwa sekunde. Tuanze na huyu kijana wa kofia nyekundu.